Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya Iqaluit na Resolute

Vikokotoo vya mtandaoni hukuambia kwa urahisi kwamba kutoka Iqaluit hadi Resolute ni kilomita zipatazo 1,575, na vingi huongeza kwamba ndege huchukua saa mbili na dakika kidogo. Namba ya kwanza ni sahihi. Ya pili ni ya ndege ambayo huenda isitue Resolute kamwe, na anayepanga miadi, mizigo au ndege ya kuunganisha kwa kuitegemea atakuwa amepanga kwa saa ambazo hazipo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata namba ya kwanza kwa mkono wako mwenyewe, ili ujue ilikotoka, kisha namna ya kuigeuza iwe muda ambao abiria ataukuta kweli.

Viwanja vyote viwili viko Nunavut, eneo la utawala la kaskazini mwa Kanada lililoanzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999. Iqaluit, ambalo ndilo makao makuu yake, liko kusini mwa kisiwa cha Baffin, na kiwanja chake kilianza mwaka 1942 kama kituo cha jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Resolute ni kijiji cha watu wasiofika 300 katika kisiwa cha Cornwallis, kaskazini zaidi, na Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, hukiita Qausuittuq, yaani mahali pasipopambazuka. Jina hilo litatuhusu tena tutakapofika kwenye suala la saa. Kati ya sehemu hizi mbili hakuna barabara wala reli, na meli za mizigo hufika majira ya kiangazi tu, barafu inapoiachia bahari. Kwa hiyo kikokotoo kinachokupa pia muda wa kusafiri kwa gari kati ya miji hii kimekuonyesha mapema kwamba hakijui kinachosema.

Anza kwa kuhakikisha kwamba unapima viwanja vyenyewe, wala si majina. Iqaluit hujulikana kwa alama YFB na Resolute kwa YRB, na katika mipango ya safari ya marubani herufi C hutangulia, zikawa CYFB na CYRB. Kutafuta kwa alama hizi kuna faida mbili: kwanza, kijiji hicho huandikwa mara Resolute na mara Resolute Bay, nawe waweza kudhani ni sehemu mbili, pili, vitabu vya zamani huiita Iqaluit kwa jina la Frobisher Bay, lililotumika hadi mwaka 1987.

Hatua inayofuata ni kuandika mahali vilipo. Kiwanja cha Iqaluit kiko kwenye latitudo ya digrii 63.756 kaskazini na longitudo ya digrii 68.556 magharibi. Cha Resolute kiko digrii 74.717 kaskazini na 94.969 magharibi. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, na kosa la kwanza ni la kuchanganya dakika na desimali. Ramani ikikuandikia kwamba Iqaluit iko digrii 63 na dakika 45, hiyo si 63.45, kwa sababu digrii moja ina dakika 60, si 100. Dakika 45 ni robo tatu ya digrii, yaani 63.75. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ardhini ni kilomita 33, na mji mzima wa Iqaluit ungeweza kupotea humo ukakosa hata taa ya kuuonea.

Kosa la pili ni la alama ya kutoa. Vikokotoo vingi hutaka longitudo za magharibi ziandikwe kwa namba hasi. Ukisahau alama hiyo kwa Resolute peke yake, utakuwa umekihamishia kijiji kwenye rasi ya Taimyr huko Siberia. La ajabu ni kwamba ukiisahau kwa viwanja vyote viwili umbali hautabadilika hata kidogo, maana kinachotumika ni tofauti ya longitudo. Ila mwelekeo utageuka, na ndege yako ya karatasi itaelekea mashariki badala ya magharibi. Kwa hiyo usiseme hesabu ni sahihi kwa kuwa tu umbali umekubaliana na wa mwenzako.

Sasa tufike kwenye umbali wenyewe. Tofauti ya latitudo ni digrii 10.961 na tofauti ya longitudo ni digrii 26.413. Aliyejifunza jiografia karibu na ikweta ana mazoea ya kusema kwamba digrii moja ni kilomita 111 na kuishia hapo. Nanyuki, ambako mstari wa ikweta unapita, kauli hiyo haina tatizo: digrii moja kwenda kaskazini ni kilomita 111, na digrii moja kwenda mashariki ni karibu hizo hizo. Lakini mistari ya longitudo haiko sambamba. Imeachana sana ikwetani na hukaribiana kadiri inavyopanda, mpaka inakutana yote kwenye ncha, kama mbavu za mwavuli zinavyokutana juu ya kijiti. Kwenye latitudo ya Resolute, digrii moja ya longitudo ni kilomita 29 tu.

Ona kinachotokea ukilipuuza jambo hili. Mtu akichukua digrii 10.961 na digrii 26.413 akazifanya pande mbili za pembetatu mraba, kisha akatafuta upande wa tatu, atapata digrii 28.6, ambazo akizizidisha kwa kilomita 111 na kidogo zitampa kilomita 3,180. Huo ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa kweli. Digrii zile zile 26.4 za longitudo, zikipimwa juu ya ikweta, ni kilomita 2,900 na ushei, karibu sawa na kutoka Libreville, Gabon, hadi Nanyuki. Lakini huku juu zimekunjamana hadi zikawa robo au theluthi ya hapo.

Njia ya haraka ya kulisahihisha kosa hilo haihitaji zaidi ya kikokotoo cha mwanafunzi. Tafuta wastani wa latitudo mbili, ambao hapa ni digrii 69.24, kisha ubonyeze kitufe cha cos ili upate 0.3545. Zidisha tofauti ya longitudo kwa namba hiyo: 26.413 mara 0.3545 ni 9.36. Ndipo sasa pande mbili za pembetatu yako ni 10.96 na 9.36, na upande wa tatu unakuwa digrii 14.42, sawa na kilomita 1,603. Umekosea kwa kilomita 28 tu, chini ya asilimia 2, na kwa mtu anayetaka kujua kama safari ni ya asubuhi moja au ya siku nzima, hesabu hiyo inatosha.

Anayetaka usahihi zaidi atumie kanuni ya duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe. Inaandikwa hivi, d ikiwa ni umbali uliopimwa kwa digrii:

cos d = sin(latitudo ya kwanza) × sin(latitudo ya pili) + cos(latitudo ya kwanza) × cos(latitudo ya pili) × cos(tofauti ya longitudo)

Kwa viwanja vyetu, sehemu ya kwanza ni 0.8652 na ya pili ni 0.1044, jumla yake ni 0.9696. Ukiigeuza jumla hiyo kurudi kuwa pembe, kwa kitufe cha cos⁻¹, utapata digrii 14.17. Zidisha kwa 111.19, ambazo ndizo kilomita za digrii moja kwenye dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, nawe utafika kwenye kilomita 1,575. Beba desimali zote mpaka mwisho, usikate katikati, kwa kuwa pembe ndogo huadhibu sana anayekadiria mapema. Hakikisha pia kikokotoo kimewekwa kwenye digrii, si kwenye radiani, ambazo ni kipimo kingine cha pembe. Marubani wenyewe hupendelea maili za baharini, na kwao ni rahisi zaidi: digrii moja ni maili 60, hivyo digrii 14.17 ni maili 850.

Ukikuta programu fulani inatoa kilomita 1,580 na ushei, usishtuke. Dunia si duara kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha, na kwa sababu hiyo mkunjo wake huko juu ni mpana zaidi na digrii moja ni ndefu kidogo. Programu zinazozingatia ubapa huo huongeza kilomita tano au sita kwenye njia hii. Upepo wa dakika kumi unaweza kumeza tofauti hiyo bila mtu kujua.

Kwa asiyependa hesabu kabisa, kuna uzi. Chukua tufe la dunia la kawaida la darasani, lenye kipenyo cha sentimita 30, na uzi mwembamba wa kushonea. Shikilia ncha moja juu ya Iqaluit kwa ukucha, vuta uzi mpaka Resolute, kaza hadi usilegee popote, kisha uweke alama kwa kidole na uupime kwenye rula. Utapata milimita 37 hivi. Kwenye tufe la ukubwa huo kila milimita ni kilomita 42, na 37 mara 42 ni 1,554. Kosa la milimita mbili ni kilomita 85, kwa hiyo mkono usitetemeke. Hata hivyo naipenda njia hii kuliko zote kwa kumfundisha mtoto, kwa sababu uzi uliokazwa hutafuta njia fupi wenyewe, bila kuambiwa. Usiujaribu kwenye ramani bapa ya ukutani, ile ambayo Greenland inaonekana kubwa kama Afrika: kwenye ramani hiyo eneo la Resolute limevutwa karibu mara 3.8 na la Iqaluit mara 2.3, na rula moja haiwezi kupima vitu viwili vilivyovutwa kwa viwango tofauti.

Kuna jambo moja la mwelekeo ambalo msomaji makini atapenda kulijua. Ndege inayofuata duara kuu kutoka Iqaluit huanza ikielekea digrii 331 kutoka kaskazini ya kweli, na hufika Resolute ikielekea digrii 306 na nusu, ingawa haikukata kona yoyote. Kilichobadilika ni kaskazini yenyewe, kwa kuwa kila mstari wa longitudo inaouvuka umeinama tofauti na uliotangulia. Dira ya sumaku nayo haisaidii. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ncha ya sumaku ilikuwa katika visiwa hivi hivi vya Kanada, na hata baada ya kuhama kuelekea upande wa Siberia, dira ya kawaida bado haiaminiki hapa. Ndiyo maana njia ya kurukia ndege ya Resolute huandikwa 17T na 35T, herufi T ikionyesha kwamba namba hizo zinahesabiwa kutoka kaskazini ya kweli. Si suala la nadharia. Tarehe 20 Agosti 2011, ndege ya aina ya Boeing 737-200 iliyotoka Yellowknife iligonga kilima umbali wa kama maili moja ya baharini mashariki mwa njia hiyo, watu 12 wakafa na 3 wakanusurika. Sababu zilizotajwa na wachunguzi zilikuwa kadhaa, na mojawapo ilikuwa mifumo ya dira ya ndege kuwa na kosa la digrii zisizopungua 17 katika hatua ya mwisho ya kutua.

Tumemaliza umbali, sasa tuje kwenye muda, ambao ndio mgumu.

Muda ni umbali kugawanywa kwa mwendo, na swali ni mwendo wa ndege gani. Saa mbili za mtandaoni zinatokana na kugawanya 1,575 kwa kama 780, mwendo wa jeti. Lakini njia ya kurukia ndege ya Resolute ni ya changarawe, si ya lami kama ya Iqaluit. Jeti hufyonza mawe kwa urahisi, na katika familia ya 737 ni zile za zamani, 200, ndizo zilizofungwa vifaa maalumu vya kuzuia changarawe isirukie injini. Matoleo yaliyofuata hayakupewa. Kadiri ndege hizo zilivyozeeka, kazi iliangukia zaidi mikononi mwa ndege za mapangaboi kama ATR 42, ambazo hutembea kwa takriban kilomita 500 kwa saa. Kwa hiyo, kabla ya kugawanya chochote, tafuta kwenye tiketi au ratiba ni ndege ya aina gani. Swali hilo moja lina uzito kuliko desimali zote tulizohangaika nazo hapo juu.

Kwa mwendo wa kilomita 500, 1,575 inatoa saa 3.15. Hiyo si saa tatu na dakika 15. Ni saa tatu na dakika 9, na mtego ni ule ule wa dakika na desimali uliotukamata kwenye latitudo. Ongeza dakika kama 20 za kutembea kiwanjani, kupaa na kushuka, ambapo ndege haijafikia au imeshauacha mwendo wake kamili.

Kisha upepo. Huko juu mara nyingi huvuma kutoka magharibi, hivyo huikabili ndege inayokwenda Resolute na kuisukuma inayorudi. Tuchukue mfano wa upepo wa kilomita 60 kwa saa uliosimama mbele ya ndege kabisa: mwendo wa ardhini unakuwa 440 na safari inachukua saa tatu na dakika 35. Wakati wa kurudi mwendo ni 560, na muda ni saa mbili na dakika 49. Wengi hudhani upepo hufidia wakati wa kurudi kile ulichokichukua wakati wa kwenda. Haufidii. Dakika 26 zimepotea kwenda, 20 zimepatikana kurudi, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia. Mabaharia wa majahazi wanaijua hesabu hii bila kikokotoo.

Baada ya upepo kuna vituo. Safari za ratiba kwenye njia hii zimekuwa zikipitia Arctic Bay, kijiji kilicho kaskazini mwa kisiwa cha Baffin, digrii 73.006 kaskazini na 85.033 magharibi. Tumia kanuni ile ile: Iqaluit hadi Arctic Bay ni kilomita 1,221, na Arctic Bay hadi Resolute ni 361. Jumla ni kilomita 1,582, yaani saba tu zaidi ya kwenda moja kwa moja, kwa maana kijiji hicho kiko karibu kabisa na mstari wenyewe. Basi mtu anayeangalia umbali peke yake atasema kituo hicho hakigharimu kitu. Lakini kihesabu kwa dakika: kipande cha kwanza ni saa mbili na dakika 27, cha pili ni dakika 43, kila kimoja kinadai dakika zake 20 za kupaa na kushuka, na chini utakaa, tuseme, dakika 40 wakati mizigo inashushwa na mafuta yanaongezwa. Jumla ni saa nne na nusu, bila upepo wowote.

Hapo hatujagusa hali ya hewa, ambayo haina kanuni. Majira ya baridi ni dhoruba za theluji, kiangazi ni ukungu unaotoka baharini, na kiwanja mbadala kinaweza kuwa mbali kiasi kwamba rubani atageuza safari mapema kuliko kubahatisha. Ninachoweza kushauri ni kimoja: ukiwa na ndege nyingine ya kuunganisha, au unakwenda kijiji cha Grise Fiord ambako ni mbele zaidi kwa kama kilomita 385, usiweke safari mbili siku moja. Weka siku nzima katikati, na mfukoni uwe na pesa za kulala.

Linabaki suala la kusoma saa kwenye tiketi. Iqaluit hufuata saa za mashariki za Kanada na Resolute hufuata saa za kati, kwa hiyo Resolute iko nyuma kwa saa moja. Muda wote kwenye tiketi ni wa mahali husika, wala hakuna mtu atakayekukumbusha. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna mtego wetu wa ziada: ukimwandikia mwenyeji wako wa Kiswahili kwamba unafika saa sita na nusu mchana, yeye ataelewa, lakini ukiliingiza neno sita kwenye fomu ya huko umejipeleka alfajiri. Tena huwezi kumtegemea jua akusahihishe. Qausuittuq haipambazuki kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, na kiangazi jua halitui kwa zaidi ya miezi mitatu, hivyo asubuhi na usiku hubaki kwenye uso wa saa tu. Andika namba za saa 24.

Tuseme, kwa mfano, ndege inaondoka Iqaluit 09:00 na kutumia saa nne na nusu kupitia Arctic Bay. Inatua 13:30 kwa saa za Iqaluit, ambayo ni 12:30 kwa saa za Resolute, na tiketi itaonekana kama safari ya saa tatu na nusu. Ikirudi 13:15 kwa saa za Resolute, hiyo ni 14:15 Iqaluit. Baada ya saa nne na nusu zile zile itatua 18:45, na tiketi itaonekana kama safari ya saa tano na nusu. Asiyejua atalalamika kwamba kurudi kumechukua saa mbili zaidi, siku ambayo upepo ulikuwa ukimsukuma kwa nyuma njia nzima.